Kutoka Swali la Molyneux hadi Mradi wa Prakash: Historia ya Fikra kuhusu Namna Ubongo Unavyojifunza Kutambua Vitu kwa Kuona

Ikisiri

Insha hii inafuatilia historia ya swali moja: je, binadamu huzaliwa akiwa na uwezo wa kutambua vitu kwa macho, au ubongo hujifunza kazi hiyo kwa kuona? Ufuatiliaji unaanzia kwa Ibn al-Haytham katika karne ya 11, unapitia barua ya William Molyneux ya mwaka 1688, ripoti za wagonjwa waliofunguliwa macho, majaribio ya maabara ya karne ya 20, na kuishia katika tafiti za watoto wa India katika karne ya 21. Hoja kuu ni kwamba dhana ya kipindi nyeti, iliyothibitishwa kwa paka waliofumbwa jicho moja, ilipanuliwa kupita mipaka ya ushahidi wake. Upanuzi huo uliwapa baadhi ya waganga sababu ya kuwakatia tamaa watoto ambao bado wangeweza kujifunza kuona. Insha inahitimisha kwamba kuona ni stadi nyingi zenye nyakati tofauti za kukomaa.

1.0 Utangulizi

Kazi ya jicho ni kupokea mwanga. Mwanga huo ukifika kwenye retina huwa ni mkusanyiko wa madoa yenye viwango tofauti vya ung'avu na rangi, na hakuna doa lolote linalobeba jina la kitu. Kikombe kilekile kikigeuzwa, kikisogezwa mbali au kikiwekwa kivulini, huacha taswira tofauti kabisa kwenye retina. Hata hivyo, mtu hukitambua papo hapo kuwa ni kikombe, tena ni kikombe chake. Wepesi wa tendo hili ndio uliowafanya watu wengi wasilione kuwa ni fumbo.

Fumbo lenyewe lina sura mbili. Ya kwanza ni ya kifalsafa: maarifa ya maumbo yanatoka wapi? Ya pili ni ya kitabibu: mtoto aliyezaliwa na ugonjwa wa mtoto wa jicho, akafikishwa hospitali akiwa na umri wa miaka 10 au 12, afanyiwe upasuaji au aachwe? Jibu la swali la pili limetegemea sana jibu ambalo kila kizazi kililitoa kwa swali la kwanza. Kwa sababu hiyo, historia ya fikra hizi inagusa maisha ya watu moja kwa moja.

2.0 Mizizi ya Swali

2.1 Ibn al-Haytham na utambuzi kama kazi ya kumbukumbu

Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufariki Kairo yapata mwaka 1040, anajulikana zaidi kwa kueleza kwamba mtu huona kwa sababu mwanga hutoka kwenye vitu na kuingia jichoni. Mchango wake wa pili haukupewa uzito kama huo. Katika Kitab al-Manazir alitofautisha kuhisi mwanga na rangi, jambo linalofanywa na hisi pekee, na kutambua kitu, jambo linalohitaji akili kulinganisha umbo linaloonekana sasa na maumbo yaliyohifadhiwa katika kumbukumbu. Alieleza pia kwamba hukumu nyingi tunazodhani ni za macho hufikiwa kwa makisio ya haraka mno, kiasi kwamba mwenye kuona hatambui kuwa amekisia.

Istilahi zake mbili za msingi zina ndugu zake katika Kiswahili. Utambuzi aliuita kwa neno ambalo ndilo asili ya "maarifa", na makisio kwa neno ambalo ndilo asili ya "kiasi". Kwa lugha yake, basi, kujua kitu kwa macho kulikuwa ni maarifa, yaani jambo lenye historia ndani ya mjuzi. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kilatini na kuchapishwa Ulaya mwaka 1572, na wazo kwamba kuona kuna sehemu ya kujifunza likaingia katika mjadala wa wanazuoni wa huko.

2.2 Barua ya Molyneux

Mwaka 1688 William Molyneux, mwanazuoni wa Dublin ambaye mkewe alikuwa amepofuka, aliandika barua yenye swali fupi. Tuseme mtu amezaliwa kipofu, akajifunza kwa kupapasa kutofautisha mchemraba na tufe vilivyotengenezwa kwa metali moja na vinavyokaribiana ukubwa. Akiwa mtu mzima, akapata kuona. Je, kwa kutazama tu, kabla ya kugusa, ataweza kusema kipi ni mchemraba na kipi ni tufe?

Swali hilo lilimfikia John Locke, naye akaliingiza katika toleo la pili la kitabu chake kuhusu fahamu ya binadamu mwaka 1694. Molyneux mwenyewe alijibu hapana, na Locke akakubaliana naye: mtu huyo hajapata bado uzoefu wa kujua kwamba kinachogusa mkono kwa namna fulani huonekana jichoni kwa namna fulani. George Berkeley, mwaka 1709, alikwenda mbali zaidi akidai kwamba mguso na uoni ni kama lugha mbili, na kwamba mazoea tu ndiyo yanayofanya maneno ya lugha moja yalingane na ya nyingine. Leibniz alipinga. Kwa maoni yake, mtu huyo akishaambiwa kwamba vitu vilivyo mbele yake ni mchemraba na tufe, angeweza kuvitofautisha kwa kutumia akili, maana mchemraba una pembe na tufe halina.

Katika hatua hii pande zote zilikuwa na kasoro moja: hakuna aliyekuwa amemwona mtu wa namna hiyo.

3.0 Ushahidi wa Wagonjwa, 1728–1963

Mwaka 1728 daktari wa upasuaji wa London, William Cheselden, alichapisha taarifa ya mvulana wa umri wa miaka 13 hivi, ambaye mtoto wa jicho alikuwa amemzuia kuona tangu utotoni. Baada ya kufunguliwa macho, mvulana huyo hakuweza kukadiria umbali. Alidhani kila alichokiona kilikuwa kinagusa macho yake, kama vile alivyokuwa akihisi kitu kinapogusa ngozi. Hakuweza kutambua kitu chochote kwa umbo lake. Alisahau mara kwa mara yupi ni paka na yupi ni mbwa, hadi siku moja alipomkamata paka, akampapasa, akamtazama kwa makini na kumwahidi kwamba safari nyingine atamjua. Ilimchukua takriban miezi miwili kugundua kwamba picha zilikuwa zinawakilisha vitu, na alipozigusa alishangaa kukuta ni bapa.

Taarifa hii ilisambaa Ulaya yote, hasa baada ya Voltaire kuieleza katika kitabu chake cha mwaka 1738. Wengi waliipokea kama ushindi wa Locke. Denis Diderot, katika barua yake kuhusu vipofu ya mwaka 1749, aliuliza swali ambalo ni la kimbinu zaidi: jicho lililotoka kukatwa, lenye maumivu na lisilozoea mwanga, linaweza kutoa ushahidi gani siku ya kwanza? Alipendekeza mgonjwa aachwe apone, na maswali yaandaliwe kwa uangalifu. Diderot alifungwa jela mwaka huohuo, barua hiyo ikiwa miongoni mwa sababu, lakini angalizo lake lilibaki. Kwa karne mbili zilizofuata, taarifa za wagonjwa ziliendelea kukusanywa bila utaratibu mmoja wa kupima. Mwaka 1932 Marius von Senden alizikusanya taarifa za wagonjwa 66 katika kitabu kimoja. Picha iliyotokea ilikuwa ya huzuni: wengi walijifunza kwa taabu, na baadhi walipendelea kurudia njia zao za kupapasa.

Mgonjwa aliyechunguzwa kwa undani zaidi ni yule anayejulikana katika maandiko kwa herufi S.B. Alipoteza uwezo wa kuona akiwa na umri wa miezi 10 hivi, akafanyiwa upandikizaji wa konea akiwa na miaka 52. Richard Gregory na Jean Wallace walichapisha uchunguzi wao mwaka 1963. S.B. aliweza mara moja kusoma saa ya ukutani na herufi kubwa, kwa sababu alikuwa amezijua saa na herufi hizo kwa vidole shuleni. Herufi ndogo, ambazo hakufundishwa kwa kuguswa, hazikumwambia kitu. Alipoonyeshwa mashine ya kukerezea katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi la London, hakuielewa kabisa hadi aliporuhusiwa kuipapasa. Alipofungua macho tena, alisema kwamba sasa anaiona. Hata hivyo, alidhoofika moyo na kufariki mwaka 1960.

Ushahidi wa S.B. unaleta utata katika jibu la Locke. Kwa upande mmoja, maarifa ya mguso yalivuka na kulisaidia jicho. Kwa upande mwingine, pale ambapo mguso haukutangulia, jicho peke yake lilikwama. Aidha, S.B. alikuwa ameona kwa miezi 10 ya mwanzo, jambo linalomtofautisha na kipofu wa Molyneux.

4.0 Swali Laingia Maabara

4.1 Kutoka Hebb hadi Hubel na Wiesel

Mwaka 1949 Donald Hebb, mwanasaikolojia wa Kanada, alitumia taarifa za von Senden pamoja na majaribio ya Austin Riesen, aliyelea sokwe gizani, kujenga nadharia mpya. Alidai kwamba seli za neva zinazoamshwa pamoja mara kwa mara huimarisha miunganiko yao, na kwa njia hiyo vikundi vya seli hujengeka taratibu kuwakilisha vitu. Kwa nadharia hiyo, neno "kujifunza" lilipewa umbo la kimwili ndani ya ubongo.

Miaka michache baadaye David Hubel na Torsten Wiesel walianza kupima seli mojamoja katika gamba la nyuma la ubongo wa paka. Mwaka 1958, baada ya kuonyesha vitone vya mwanga kwa saa nyingi bila mafanikio makubwa, waligundua kwamba seli iliyokuwa ikipimwa ililipuka kwa mawimbi wakati ukingo wa kipande cha kioo ulipopita kwenye projekta. Seli hiyo haikujali vitone. Ilisubiri mstari wenye mwelekeo fulani. Matokeo yao ya mwaka 1959 na 1962 yalionyesha kwamba ubongo huanza kwa kuchambua kingo, kisha huunganisha taarifa hatua kwa hatua.

Jaribio lililobadilisha tiba ya macho lilifuata mwaka 1963. Hubel na Wiesel walishona kope za jicho moja la mtoto wa paka kwa wiki kadhaa tangu siku zake za mwanzo. Jicho lilipofunguliwa lilikuwa zima, lakini karibu seli zote za gamba la ubongo zilikuwa zimeacha kuliitikia. Paka mtu mzima aliyefanyiwa hivyo hakupata madhara. Mwaka 1970 walibainisha kwamba athari hiyo hutokea katika kipindi maalumu kinachoanza wiki ya nne ya maisha na kufifia mnamo mwisho wa mwezi wa tatu. Hiki ndicho kilichoitwa kipindi nyeti. Mwaka 1981 walipata Tuzo ya Nobel.

4.2 Uzoefu wa namna gani?

Watafiti wengine waliuliza kama kuwapo kwa mwanga peke yake kunatosha. Richard Held na Alan Hein (1963) waliwafunga watoto wa paka wawili wawili katika chombo cha kuzunguka: mmoja alitembea mwenyewe, mwingine alibebwa kikapuni, na wote wakaona mandhari ileile. Aliyetembea alijifunza kuepuka shimo na kunyoosha mguu kabla ya kufikishwa mezani. Aliyebebwa hakujifunza, mpaka alipoachiwa huru. Mwaka 1970 Colin Blakemore na Grahame Cooper waliwalea paka ndani ya mitungi iliyochorwa mistari ya wima tu au ya ulalo tu. Seli za paka hao zilielekea kuitikia mistari ya mwelekeo waliouzoea, na zile za mwelekeo mwingine zikakosekana. Majaribio haya mawili yalionyesha kwamba ubongo huundwa na kile unachokiona, na pia na kile mwili unachokifanya wakati wa kuona.

5.0 Kutoka Kingo hadi Vitu

Kingo si vitu. Hatua ya kuelezea utambuzi wa vitu kamili ilianza pale Charles Gross na wenzake walipopima seli za kima katika sehemu ya chini ya ubongo, upande wa sikio. Mwaka 1972 walieleza kuhusu seli iliyoitikia kivuli cha kiganja cha kima kuliko umbo lolote jingine. Wanasayansi wengi walisita kuamini, lakini tafiti zilizofuata zilithibitisha kwamba sehemu hiyo imejaa seli zinazopendelea nyuso, mikono na maumbo changamani.

Je, upendeleo huo huzaliwa au hufunzwa? Nikos Logothetis, Jon Pauls na Tomaso Poggio (1995) waliwafundisha kima kutambua maumbo ya waya ambayo hayapo katika maumbile. Baada ya mafunzo, walikuta seli zilizoitikia maumbo hayo, nyingi zikipendelea pembe ileile ambayo kima alikuwa ameionyeshwa. Hakuna kiumbe kinachoweza kuzaliwa na seli ya waya uliokunjwa na mtafiti. Seli hizo zilifinyangwa na uzoefu. Mwaka 2017 kundi la Margaret Livingstone lilionyesha upande wa pili wa jambo hilo: kima waliolelewa bila kuona nyuso hawakujenga zile sehemu za ubongo zinazoshughulikia nyuso. Kwa binadamu, usomaji ni ushahidi wa karibu zaidi. Maandishi ni uvumbuzi wa miaka elfu chache tu, lakini kila ajifunzaye kusoma hupata eneo la ubongo linalotambua herufi. Mwaka 2010 Stanislas Dehaene na wenzake walilipima eneo hilo kwa watu wazima wa Brazil na Ureno. Walikuta kwamba hata wale waliojifunza kusoma ukubwani walikuwa wamelijenga.

Matokeo hayo ya mwisho yanapaswa kutazamwa kwa makini. Kama ubongo wa mtu mzima unaweza kutenga eneo kwa ajili ya herufi, basi kujifunza kutambua vitu hakukomi pale kipindi nyeti cha Hubel na Wiesel kinapokoma.

6.0 Mradi wa Prakash na Jibu la Molyneux

Licha ya dalili hizo, somo la paka lilikuwa limeingia katika tiba kwa nguvu. Waganga wengi waliamini kwamba mtoto aliyezaliwa bila kuona, akifika umri wa miaka kadhaa bila upasuaji, amekwisha kukosa nafasi yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Pawan Sinha, mtafiti wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts mwenye asili ya India, alikutana katika nchi yake ya asili na watoto waliokuwa vipofu kwa maradhi yanayotibika. Alianzisha mradi alioupa jina la Prakash, neno la Kisanskriti lenye maana ya mwanga. Mradi huo ulikuwa na kazi mbili zisizotenganishwa: kuwafanyia watoto upasuaji, na kufuatilia kisayansi namna wanavyojifunza kuona.

Mwaka 2006 Yuri Ostrovsky, Aaron Andalman na Sinha walieleza kuhusu mwanamke aliyezaliwa na mtoto wa jicho na kufanyiwa upasuaji akiwa na miaka 12. Alipopimwa miaka 20 baadaye, makali ya macho yake yalikuwa hafifu, lakini aliweza kutambua vitu na nyuso katika majaribio mengi. Mwaka 2009 Ostrovsky, Sinha na wenzao walionyesha njia inayofuatwa na ubongo. Wagonjwa wapya walipotazama picha tuli, kila kipande chenye rangi au ung'avu tofauti walikihesabu kuwa ni kitu cha pekee. Mpira wenye kivuli uligeuka vipande vingi. Maumbo yalipoanza kusogea, waliweza kusema mara moja sehemu zipi zinakwenda pamoja. Baada ya miezi kadhaa waliweza kufanya hivyo hata kwa picha tuli. Mwendo, kwa hiyo, ulikuwa mwalimu wa kwanza: kinachosogea pamoja ni kitu kimoja.

Jibu la Molyneux lilichapishwa mwaka 2011. Richard Held, yuleyule wa jaribio la kikapu, pamoja na Sinha na wenzao waliwapima watoto watano wenye umri kati ya miaka 8 na 17 ndani ya saa 48 baada ya kupata kuona. Walitumia maumbo yanayofanana na vipande vya kujengea vya watoto. Watoto walipogusa umbo na kulichagua tena kwa kugusa, walipatia kwa asilimia 98. Walipoliona na kulichagua tena kwa kuona, walipatia kwa asilimia 92. Walipoligusa na kutakiwa kulichagua kwa kuona, walipatia kwa asilimia 58, kiwango kisichotofautiana sana na kubahatisha. Angalizo la Diderot lilikuwa limezingatiwa, kwani asilimia 92 inathibitisha kwamba macho yao yaliona vya kutosha. Molyneux na Locke walikuwa sahihi kuhusu siku ya kwanza. Lakini watoto waliopimwa tena baada ya siku chache walikuwa wamepiga hatua kubwa. Hapana ya karne tatu iligeuka kuwa "bado".

7.0 Mjadala: Mlango Mmoja au Milango Mingi?

Iweje basi ushahidi wa paka na wa watoto wa India uonekane kupingana? Jibu limo katika tafiti za Hubel na Wiesel wenyewe. Katika jaribio la jicho moja, jicho lililo wazi hunyang'anya nafasi ya lile lililofumbwa, ni ushindani. Mwaka 1965 walifumba macho yote mawili, na kinyume na matarajio, seli nyingi ziliendelea kuitikia, ingawa baadhi zilikuwa na kasoro. Tokeo hili halikutajwa mara nyingi kama lile la mwaka 1963, ilhali ndilo linalokaribia zaidi hali ya mtoto aliyezaliwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili.

Haifai, hata hivyo, kuvuka kwenda upande wa pili na kusema kwamba kuchelewa hakuna hasara. Makali ya macho ya watoto wa Prakash hayakufikia kiwango cha kawaida. Richard Le Grand na wenzake (2001) waliwapima watu waliotolewa mtoto wa jicho wakiwa wachanga, baada ya miezi michache tu ya kutoona. Miaka mingi baadaye bado walishindwa kutofautisha nyuso kwa nafasi kati ya macho na mdomo. Kila stadi ina wakati wake: makali ya macho na uchambuzi wa nyuso huhitaji mwanga mapema sana, kutenga vitu na kuvipa majina huweza kujifunzwa hata utotoni wa mwisho na ujanani.

Suala hili lina sura yake Tanzania. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kutoka mkoa wa Kilimanjaro ulishughulikia kuchelewa kwa watoto wenye mtoto wa jicho kufikishwa hospitali kwa ajili ya upasuaji. Familia inayofika imechelewa hustahili kuambiwa mambo mawili kwa pamoja: kwamba muda uliopotea umechukua kitu, na kwamba haujachukua kila kitu.

8.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha kwamba kutambua vitu ni kazi ambayo ubongo hujifunza, kama alivyodokeza Ibn al-Haytham, kwa kulinganisha, kukumbuka na kukisia. Mguso huisaidia, mwendo huifungulia njia, na matendo ya mwili huipa maana. Inaonyesha pia hatari ya matokeo mazuri ya kisayansi kutumiwa nje ya mipaka yake. Jaribio la jicho moja la paka lilikuwa sahihi. Hukumu iliyotolewa kwa jina lake juu ya watoto vipofu haikuwa na ushahidi wa kutosha. Swali ambalo Molyneux aliliuliza kwa ajili ya wanafalsafa limejibiwa na watoto waliolala kwenye meza ya upasuaji, na jibu lao linawahusu kwanza watoto wengine ambao bado wanasubiri kupelekwa hospitali.